Nahodha Kinawi Apita Mbele ya Hekalu

Barua ilikuja Jumatatu, imekunjwa mara nne na kuchomekwa kwenye kamba ya mashua, kana kwamba aliyeileta hakutaka kuonana macho na atakayeisoma. Nahodha Kinawi aliiona. Akaiacha palepale mpaka akamaliza chai yake, na ile ya pili. Barua za wakubwa hazina haraka. Katika miaka yake sitini na miwili hajapata hata moja iliyoanza kwa salamu.

Aliisoma polepole. Shule aliiacha darasa la tatu kwa ajili ya mto. Herufi alizijua moja moja, kama majirani, lakini zikivaa suti na kukaa pamoja kwenye sentensi ya serikali alipata tabu kuzitambua. Hii hata hivyo aliielewa. Kamati ya Maegesho ya Ukingo ilikuwa inamjulisha kwamba chombo chochote kilichokaa miaka mitatu bila safari iliyosajiliwa kitanyang'anywa mahali pake pa kufungia, na mahali hapo patatolewa kwa mradi wa kupendezesha mto.

"Kupendezesha mto," Kinawi aliuambia mto. "Umesikia? Kumbe wewe mbaya."

Mahali penyewe palikuwa chini ya ngazi za barabara ya ukingoni, hapo Luxor, upande wa hekalu. Ukikaa kwenye mashua ukainua macho, nguzo za Firauni zinakutazama juu ya mapaa ya teksi. Kinawi alikuwa amefungia hapo miaka thelathini na minane. Hakuwa na duka wala shamba la miwa. Alikuwa na mashua, na kile kipande cha maji chenye upana wa mashua. Mashua bila mahali pa kufungia ni kuni.

Ni kweli kwamba kwa miaka mitatu hakuwa amembeba mtu. Mwenye kuleta abiria alikuwa mkewe, Bahiya. Alikuwa akisimama juu ya ngazi, mkono kiunoni, anawaita wageni kwa lugha saba, kila lugha maneno matano, na matano yalitosha. Kazi ya Kinawi ilikuwa tanga na kununa. Bahiya aliwaambia wageni kuwa kununa kule ndiyo alama ya baharia wa kweli, nao wakampiga picha. Bahiya alipokufa, kununa kulibaki bila mkalimani. Mgeni akiuliza mto huu unaelekea wapi, Kinawi anamjibu, "Kwani ulishauona ukipanda?" Mgeni anakwenda kwa mwingine.

Kifo chenyewe aliwahesabia wakubwa. Wakubwa gani, bado hajaamua. Siku nyingine wale wa dawa, siku nyingine wale wa barabara, na siku za upepo mkali hata wale wa mpira wa miguu.

Barua iliacha mlango mmoja wazi, mwembamba kama ilivyo milango yao. Mwenye chombo angeweza kupeleka mpango wa safari: abiria wasiopungua kumi wala kuzidi kumi na wawili, mtu wa kuwaelezea mambo, mahekalu ya kale yasiyopungua mawili, na nahodha mwenyewe usukani. Mkaguzi angekuja kuona kwa macho yake na kupiga muhuri. Kinawi akavaa kanzu safi, akaenda ofisini; akarudishwa kwa kuwa alileta picha moja ya pasi badala ya mbili, akaenda tena.

Mkaguzi aliitwa Rifaat. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyelikumbatia faili lake la plastiki kifuani kama mtoto mwenye homa. Watu walimwita mhandisi. Katika mji huu kila mwenye faili ni mhandisi, hata kama hajawahi kujenga banda la kuku.

"Abiria wako ni kina nani, ami?" Rifaat aliuliza, kalamu tayari.

"Watu."

"Najua ni watu. Majina yao?"

"Watakuja nayo."

Rifaat akashusha pumzi. "Mahekalu?"

"La Luxor na la Karnak. Yako palepale tangu zama za mafirauni, na hayajaombwa hata siku moja kuleta picha mbili za pasi."

"Ami Kinawi, usinifanyie hivyo. Mimi mwenyewe nimetumwa."

"Kila mtu hapa ametumwa. Nikiuliza aliyetuma, naambiwa yuko mkutanoni. Huo mkutano, mwanangu, utakwisha lini?"

Rifaat alifungua kalenda, akaweka kidole kwa haraka ya mtu anayetaka mgeni wake aondoke. "Jumanne, tarehe tatu, saa nne asubuhi. Saa sita mchana nafunga karatasi. Siku haibadiliki, nahodha habadiliki, idadi haizidi. Akizidi mmoja tu, kibali chote kimekufa."

"Na wewe unabadilika?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa," Kinawi akasema, akachukua nakala yake.

Tabu ilikuwa abiria. Manahodha wenzake hawakuwa radhi kumkopesha hata Mholanzi mmoja. Alikaa siku nne akimkwepa mtu mmoja ambaye alijua toka mwanzo kuwa ndiye atakayemwendea, na siku ya tano akamwendea: Nabawiya, dada yake Bahiya, anayeishi nyuma ya soko katika kichochoro ambacho kila jambo lake hupita kwanza mikononi mwake, ndoa, talaka na bei ya vitunguu.

Nabawiya alikuwa anaanika mkate wa jua juani, duara moja moja kwenye vibao vya udongo. Hakuinua kichwa.

"Shemeji," alisema, "umekuja kusalimia au umetumwa na shida?"

"Shida."

"Afadhali. Ungesema umekuja kusalimia ningeita daktari."

Akamweleza. Nabawiya alisikiliza, anapanga mikate, hata alipomaliza akajifuta unga. "Miaka thelathini na mitano umewapandisha Wajerumani, Wajapani na wale wasiojulikana wanakotoka. Dada yangu hukumpandisha hata siku moja akakaa kwenye mto laini, akaletewa chai, akaonyeshwa hekalu."

"Alikuwa analiona kila siku toka kwenye ngazi."

"Na mimi mkate nauona kila siku. Mbona naula?"

Kinawi akatazama mkate.

"Nitakuja," Nabawiya akasema. "Na wanawake wanane wa kichochoro hiki. Lakini safari hii tutaipanga sisi. Wewe ukipanga tutakula kitunguu na kutazama mgongo wako."

Wakakutana uani kwake siku ya pili, baada ya adhuhuri, wanawake tisa, na Kinawi katikati kama mshitakiwa. Mama Rajabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita punda, alianza na jambo la msingi.

"Choo kiko wapi?"

"Hakuna choo," Kinawi akasema. "Ni mwendo wa saa moja na nusu."

"Mimi saa moja na nusu siiwezi."

"Basi usinywe maji."

"Nitakuwa juu ya maji, nayaona, yanapita, yanaita. Wewe mwanamume huwezi kuelewa."

Likaja suala la chakula. Kinawi alikuwa amefikiria biskuti. Neno hilo lilipokelewa kwa kimya cha msibani. Nabawiya akaamua njiwa: njiwa ishirini na wanne, wamejazwa ngano, wanabebwa ndani ya sufuria ile ya harusi, na jiko la mafuta la kuwapasha moto. Kinawi akasema moto juu ya mashua haruhusu. Wakasema nani amemwuliza. Ubishi wa nani akae upande wa hekalu na nani akae upande wa jangwa ulichukua saa nzima, mpaka Kinawi alipowaeleza kwamba mashua ikienda na kurudi pande zinabadilika. Wakamtazama kana kwamba alikuwa amewaficha jambo hilo makusudi.

Mtu wa kuelezea mambo akapatikana bila kutafutwa. Mwalimu Banub, Mkristo wa Kikopti, mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyefundisha jiografia miaka arobaini, alisikia neno "hekalu" kupitia ukutani, akaingia akiwa na daftari. "Nimeandaa maelezo ya kurasa thelathini na mbili," alisema.

"Umeandaa lini?" Kinawi akauliza. "Safari tumeanza kuipanga leo."

"Mimi niliandaa mwaka niliostaafu. Nilikuwa nasubiri watu."

Mkewe Mwalimu alitangaza kwamba mumewe hataelea mtoni na wanawake tisa bila yeye. Hao kumi na mmoja. Wa kumi na mbili akawa Bakri, mpiga tari kipofu wa harusini, kwa sababu Nabawiya alisema safari bila tari ni kupelekwa hospitali. Majina yakaandikwa, yakapelekwa, yakapokelewa. Kinawi alilala usiku ule bila kumlaumu mtu, jambo lililomsumbua mpaka alfajiri.

Sasa, kuna mambo mawili ambayo kila mtu wa mji ule anayajua. La kwanza ni kwamba wakati wa baridi wakubwa wa maji huuzuia mto huko juu ili mifereji isafishwe, na mto hupungua. Kinawi hili alilihesabu. Maji yalikuwa yamepungua, yakarudi mwisho wa mwezi kama tangazo lilivyosema. Ila mwaka huu yalirudi kama mgeni mwenye adabu: yakakaa siku mbili, yakaona yamewachosha wenyeji, yakaondoka tena bila kuaga. Asubuhi ya Jumanne, Kinawi alishuka ngazi na zulia begani akaikuta mashua yake imelala ubavu kwenye matope, mbali na maji hatua ishirini, kama ng'ombe aliyeghairi kwenda mnadani.

Aliweka zulia chini. Akawatukana wakubwa wa maji kwa mpangilio, toka mwenye kiti mpaka mwenye kufagia chini ya kiti.

Jambo la pili lilikuja na sauti. Juu ya barabara zilisikika ngoma, zumari na farasi. Akainua kichwa. Vibendera vya kijani vilikuwa vimefungwa toka nguzo hadi nguzo ya umeme, na watu walikuwa wanamiminika kuelekea hekaluni, kwenye msikiti wa Sidi Abul-Hajjaj uliokaa juu ya hekalu lenyewe kama kofia. Ilikuwa kumi na nne Shaaban. Maulidi ya walii wa mji! Siku ambayo hakuna mtu wa Luxor anayepanga kitu, hata kufa. Tangu afiwe Kinawi alikuwa amegombana na kalenda. Miezi ilikuwa inapita bila kumpa mkono.

Abiria wake walishuka ngazi kwa vigelegele, wamevaa vya sikukuu, sufuria ya njiwa imebebwa na wanawake wawili.

"Mlijua leo ni maulidi?" Kinawi akafoka.

"Nani asiyejua?" Nabawiya akasema. "Tulidhani umeichagua makusudi, kwa baraka. Nikasema, kumbe shemeji ana moyo." Kisha akaiona mashua. "Mbona imelala?"

"Imechoka kukusubiri."

Rifaat alifika saa nne kamili, viatu vinang'aa, faili kifuani. Alitazama mashua, akatazama mto ulioko kule, akaandika kitu.

"Unaandika nini?" Kinawi akauliza.

"Bado hali ya hewa tu, ami. Lakini mashua haielei."

"Walioondoa maji ni wenzako."

"Si wenzangu. Wale ni wa maji. Sisi ni wa maegesho."

"Mnakula meza moja."

"Hatujuani hata kwa sura, wallahi. Sikiliza, Ami Kinawi. Mpaka saa sita, mashua hii iwe imepita mbele ya mahekalu na abiria wake. Isipopita, naandika 'haikufanyika', na kesho wanakuja na huo mradi wao, mgahawa wa taa za rangi. Sipendi. Lakini nitaandika."

Mama Rajabu akaanza kulia, kwa kuwa alikuwa amejizuia kunywa maji toka jana bure. Mwalimu Banub alifungua daftari, akalifunga. Kinawi alikaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutukana, na Nabawiya aliyekuwa anamjua akaogopa zaidi.

Ndipo juu ya ngazi akatokea Haji Shamandi, mzee mpana mwenye kilemba cheupe na fimbo ya kuchezea, na nyuma yake wanaume kama arobaini wenye kamba. Shamandi ndiye mkuu wa mkokoteni wa maulidi. Kwani katika mji ule walii hutembezewa mashua: zinapandishwa kwenye mikokoteni, zinapambwa, zinajazwa watu, na kuburutwa barabarani kuzunguka hekalu. Ndivyo walivyorithi, na ukiwauliza sababu watakuuliza wewe unatoka wapi. Kila mwaka Shamandi alikuwa anakuja kuomba mashua ya Kinawi. Kila mwaka Kinawi alimjibu kwamba mashua si ngamia.

"Nahodha, mswalie Mtume," Shamandi alisema.

"Rehema na amani zimshukie. Hapana."

"Sijaomba."

"Nimekuokolea muda."

"Mashua yetu imepasuka tumbo asubuhi hii, Nahodha. Tuna mkokoteni, tuna trekta la miwa, tuna farasi, mashua hatuna. Tutapita na mkokoteni mtupu mbele ya walii? Wale wa mtaa wa chini watatucheka mpaka Ramadhani. Na wewe yako, samahani kusema, haina shughuli."

"Ina shughuli," Kinawi akasema kwa uchungu. "Ina safari iliyosajiliwa."

Nabawiya akamnyang'anya Kinawi karatasi, akampa Mwalimu. "Soma. Kwa sauti. Taratibu."

Mwalimu akasoma kama anayesahihisha mtihani. Mashua. Abiria kumi hadi kumi na wawili. Mtu wa kuelezea. Mahekalu ya kale mawili. Nahodha usukani. Muhuri.

"Soma tena," Nabawiya akasema. Akasoma tena. "Maji wameyaandika wapi?"

Farasi mmoja kule juu aliacha kutikisa njuga zake.

"Maji hayakuandikwa," Rifaat akasema, akacheka kidogo peke yake, "kwa sababu ni jambo linalojulikana."

Kinawi akasimama. Miaka mitatu ya uchungu ilipanda toka kwenye nyayo ikatafuta mdomo. "Linajulikana! Nilipokuja na picha moja, ukanirudisha, ukasema imeandikwa mbili. Nilipokwambia uso ni uleule, unajulikana, ukasema kisichoandikwa hakipo. Leo maji hayakuandikwa, mhandisi. Hayapo kwenye karatasi, hayapo mtoni. Nyinyi wenyewe mmekubaliana. Shamandi! Leta kamba!"

Kuipandisha kulichukua saa nzima. Wanaume arobaini waliingia matopeni na kanzu zimefungwa viunoni, na matope yakabakiza viatu vya nusu yao. Mlingoti ulilazimika kung'olewa kwa ajili ya nyaya za umeme. Kinawi alikataa, akabembelezwa, akakataa, kisha akaung'oa mwenyewe, anafoka kwamba nyaya hizo nazo zimewekwa chini na wakubwa makusudi. Mashua ikapanda kwenye njia ya punda pembeni ya ngazi, ikakaa kwenye mkokoteni. Ikavishwa kijani na dhahabu na matawi ya mitende. Wanawake tisa wakapandishwa kwa ngazi ya mbao, kila mmoja anamlaumu aliyemsukuma. Sufuria ilipanda mwisho, kwa heshima kuliko wote.

Kinawi alikaa usukani. Usukani wenyewe ulikuwa unaning'inia hewani, lakini aliushika.

"Twende!" akaamuru. Trekta likakohoa moshi mweusi, likaenda.

Hakuna aliyewahi kuongoza mashua kwa makini kama Kinawi siku ile. "Kushoto kidogo!" alimwambia dereva wa trekta, ambaye hakusikia neno kwa sababu ya injini. "Kuna kina kifupi hapo!" Kilikuwa kibanda cha mwuza juisi. Wakakiparuza. Mwuza juisi akaruka kando, akawatukana, kisha akamkumbuka walii akawarushia miwa.

Mwalimu Banub alisimama mbele na daftari. "Kulia kwenu, mabibi, mnaona lango kubwa lililojengwa…"

"Lile ni duka la dawa, Mwalimu!"

"Nyuma ya duka la dawa! Wamelificha. Kurasa nne nimeandika juu ya lango lile, nitazisoma, na mtalifikiria."

Bakri alipiga tari, wanawake wakarusha karanga na dengu za kukaanga, watu chini wakazidaka kwa pindo za kanzu, na farasi wakacheza pande zote mbili. Mama Rajabu akashika ukingo wa mashua, uso umebadilika rangi.

"Natapika. Mawimbi."

"Tuko kwenye lami!" Kinawi akamwambia.

"Lami nayo ina mawimbi! Nani ameitengeneza lami hii?"

Hapo Kinawi alimwona kwa jicho jipya. Ulikuwa ndio usemi wa maana aliousikia kwa mtu mwingine ndani ya miaka mitatu. "Wakubwa," alimjibu kwa upole. "Kata limau ule."

Rifaat alikuwa anakuja kwa miguu kando ya mkokoteni, kwa sababu alitakiwa kuona kwa macho yake. Kwenye kona ya soko, umati wa mtaa wa chini ulikutana na umati wa mtaa wa juu, na yeye akawa katikati kama jibini ndani ya mkate. Kiatu kimoja kilikwenda. Faili likainuliwa juu na mikono asiyoijua, likarudishwa, likainuliwa tena. Farasi mmoja akamchezea mgongoni.

"Jamani, yule anakufa," mke wa Mwalimu akasema.

Nabawiya akainama nje ya mashua, akamshika ukosi, akamvuta juu kama ndoo kisimani. Rifaat aliangukia kati ya sufuria na Bakri, akatema karanga.

"Mungu akulipe, mama," akasema, akihema.

Kinawi alikuwa anahesabu. Alihesabu mara mbili, kwa kidole, akiwa ameachia usukani.

"Mhandisi."

"Naam, ami."

"Tumekuwa kumi na watatu."

Rifaat alitazama huku na huku. Rangi aliyokuwa ameipata tena ikamwacha. "Nishusheni!"

"Wapi?" Nabawiya akauliza. Kulia farasi, kushoto farasi, nyuma ngamia wa mtaa wa chini mwenye mate. "Shuka basi."

Hakushuka. Na hapo ndipo mkokoteni ulipokata kona, na hekalu likasimama mbele yao lote, malango, masanamu ya wafalme waliokaa na magoti yao makubwa, nguzo moja moja kama shamba la mawe, na juu yake mnara mweupe wa msikiti na watu wadogo wadogo wanapunga vitambaa. Mwalimu Banub alikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Alisita. Aliangalia karatasi, akaangalia hekalu, akaweka daftari chini.

"Ndilo hilo," alisema.

"Hilo moja," Rifaat akasema kwa sauti dhaifu. "Na Karnak? Karatasi inasema mawili. Karnak ni mbali, trekta haliendi."

Mwalimu akageuka kama mtu aliyetukanwa mama yake. Alinyoosha kidole kwenye ile njia ndefu ya mawe inayotoka mlangoni mwa hekalu, simba wenye vichwa vya watu wamelala safu mbili mpaka macho yanapochoka. "Njia ile inaishia wapi, mhandisi?"

"Karnak."

"Ni ya nani?"

"Ya… ya Karnak."

"Mtu akikanyaga mkia wa paka, amemkanyaga nani?"

Rifaat akafikiri. Alikuwa amesoma, lakini hili halikuwamo. "Paka," akakiri.

"Tumeupita mkia. Andika mawili."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika sita. Watu wote ndani ya mashua walimtazama. Rifaat alifungua faili. "Siwezi. Nikiandika hamkusafiri, nitaulizwa mimi nilikuwa juu ya nini. Nikiandika mmesafiri, abiria ni kumi na watatu, na kibali kimekufa. Vyovyote naangamia, ami, na wewe unaangamia."

Kinawi aliona akilini mgahawa wenye taa za rangi umekaa kwenye maji yake, watu wanakula samaki aliyeletwa kwa gari. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Wewe si abiria," Nabawiya akasema, anafunua sufuria. "Wewe ni serikali. Serikali haihesabiwi, haina uzito."

"Uzito inao," Kinawi akasema. "Sisi ndio tunaoubeba. Ila kuhesabiwa, kweli, haijawahi kuhesabiwa."

Rifaat akachukua mfuniko wa sufuria, akaugeuza, akaweka karatasi juu yake, akaandika: abiria kumi na wawili, serikali mmoja. Akaandika mahekalu mawili. Akafika kwenye sehemu ya mwisho, ile ya mkaguzi, isiyokuwamo kwenye nakala ya Kinawi na ambayo hakuna aliyekuwa ameikumbuka: *Hali ya maji*. Kalamu ikasimama. Chini yao trekta lilikoroma, mtu akapita na trei ya chai kichwani, vumbi limetua vizuri barabarani.

Akaandika: *Tulivu.*

Akapiga muhuri. Vigelegele vilivyopigwa vilimshtua ngamia. Kinawi aliipokea karatasi, akaisoma yote, neno kwa neno, midomo inatembea, akaikunja mara nne akaitia kifuani. Alitaka kumshukuru Rifaat, lakini hakujua neno hilo linatokea upande gani, basi akampa njiwa, mkubwa.

Alasiri umati ulipungua. Watu wa Shamandi walikwenda kula, wakasema watairudisha mashua baadaye. Dereva wa trekta alifungua mnyororo, akaenda zake, kwa kuwa miwa yake inamsubiri. Mkokoteni ukabaki katikati ya njia mbele ya hekalu, na juu yake mashua, na ndani ya mashua Kinawi, Nabawiya na mifupa ya njiwa. Wengine walikuwa wameshuka, Mama Rajabu akiwa wa kwanza, mbio.

Askari wa barabarani akaja, akaizunguka mashua mara mbili, akaangalia magurudumu, akaangalia usukani. Filimbi ilikuwa mdomoni lakini hakujua aipige vipi.

"Nahodha ni nani hapa?"

"Mimi."

"Huwezi kuegesha hapa, mzee."

Kinawi akatoa karatasi kifuani, akaikunjua polepole. "Nina mahali pangu pa kuegesha. Pana muhuri wa leo."

Askari akasoma. "Hii ni ya mtoni."

"Hata mimi ndivyo ninavyosema."

"Sasa utaondoka lini?"

Kinawi akatazama upande wa mto, ambako kwa mbali matope yalikuwa yanameta. Nabawiya alisogea kumpisha askari nafasi kwenye mto laini, maana kijana wa watu alikuwa amesimama toka alfajiri.

"Waulize wakubwa wako," Kinawi akasema. "Maji yakirudi, tutaondoka."